Wanaume nawadharau, yule mama nikamwamini

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie. Mimi ni mwanamke wa miaka 31, naishi Malaba, mpakani na Kenya, upande wetu wa Uganda, na tangu mwaka 2019 nimekuwa nikiuza mwili kwa madereva wa malori na wasaidizi wao wanaosubiri karatasi za forodha, wengine usiku mmoja, wengine hata siku tatu. Sikuandikii kukuuliza kama kazi hii ni dhambi, kwa sababu hilo nimekwisha kuambiwa kanisani, sokoni na nyumbani kwa mama yangu, wala siombi njia ya kuiacha, ambayo ninaitafuta kwa namna yangu. Ninachouliza ni kuhusu wateja, na kuhusu moyo ninaokwenda nao kwao.

Kwa miaka yote hii wateja wangu wamekuwa wanaume. Dada aliyenipokea hapa Malaba alinipa masharti, nami nimeyashika: pesa kwanza, kondomu iwe yangu, kinywaji nikifungue mwenyewe, na namba ya chumba cha loji niitume kwa mwenzangu kabla sijavua viatu. Lakini pamoja na masharti hayo nilijifunza jambo jingine ambalo sikufundishwa na mtu, nalo ni kuwadharau. Mteja akiwa mbele yangu, moyoni namwita mzigo, kama wao wanavyoyaita makontena yao. Anapocheka nacheka, anapotaja watoto wake nauliza majina yao, na ndani yangu nahesabu dakika. Mwaka 2020, madereva waliponyooshewa vidole hapa mpakani kuwa ndio wanaotuletea korona, nilifurahi kuwaona wakikimbiwa kama sisi tunavyokimbiwa, ingawa tulilala njaa. Mwaka uliofuata mmoja wao alinipiga hadi nikapoteza jino, na nilipokwenda kushitaki, swali la kwanza nililoulizwa ni kwamba nilikuwa nafanya kazi gani katika chumba kile. Tangu siku hiyo dharau yangu haina mipaka.

Mwezi uliopita nilipata ujumbe kutoka kwa mama mmoja anayepitisha shehena za mitumba. Alikuwa amefikia katika loji iliyo safi kuliko zile ninazozijua, na nilipoingia jambo la kwanza aliloniuliza ni kama nimekula. Alinunua wali na nyama, tukala. Akaniomba nimkande mabega, tukazungumza karibu hadi saa sita usiku, kisha akanipa shilingi 150,000, kiasi ambacho kwa madereva ningekipata kwa kazi ya usiku kadhaa. Nilirudi nyumbani nikiimba. Nilipokuwa nafungua mlango ndipo nilipokumbuka kwamba sikuomba pesa kwanza, sikumtumia mwenzangu namba ya chumba, na soda niliyokunywa nilikuta imekwisha kufunguliwa kabla sijaingia. Tena nilikuwa nimemwambia jina langu la kweli na shule anayosoma mwanangu. Juma lililopita alirudi, tukazungumza tena, na safari hii akanieleza waziwazi kwamba anataka zaidi ya kukandwa. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Atapita tena mwisho wa mwezi.

Katika ua tunaoishi kuna kijana anayefanya kazi kama yangu, ila wateja wake ni wanawake wenye mali wanaotoka Tororo na Mbale. Nilimweleza habari za yule mama, naye akanicheka. Anasema mimi nina bahati ya kuwa na wateja wa kiume, kwa sababu mwanaume analipa na kuondoka, lakini mwanamke anataka umpende, anapiga simu saa nane za usiku, na ukimwonyesha kondomu anaona umemtukana. Ndiyo maana yeye mara nyingi anaiacha, maana hao, anasema, ni kina mama wenye heshima zao. Tulibishana mpaka majirani wakatunyamazisha.

Hata hivyo kilichonifanya nishike kalamu si ubishi huo. Jumapili mwanangu wa miaka 9 aliniomba pesa za viatu kwa mara ya pili, nami nikamwambia, kwa sauti ile ile ninayoijua, kwamba wanaume wote ni kuomba na kuchukua tu. Alinitazama kisha akatoka nje. Shangazi, je, ni kosa kuwaona wateja wa kiume kuwa ni pesa tu? Huyu mama nimkubali? Na dharau hii iliyofika mpaka mezani kwangu, niitoeje?

Mama wa Malaba

*

Binti yangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama kwenye ile soda. Kwa miaka yote hiyo umekifungua kinywaji chako mwenyewe mbele ya mamia ya wanaume, kisha usiku mmoja ukanywa chupa iliyofunguliwa na mtu usiyemjua, kwa kuwa mtu huyo alikuwa mwanamke na alikuuliza kama umekula. Maswali yako yote matatu yanakutana hapo.

Nyumbani kwetu Buganda kumfunda msichana ni kazi ya senga, dada wa baba yake, na senga wangu alinifunda vizuri. Lakini senga hufunda kwa ajili ya mume. Mtu anayelipa na kuondoka hayumo katika mafunzo yake, na ndiyo sababu wewe umelazimika kujifunda mwenyewe juu ya moyo wa kwenda nao kwa mteja. Dada yule wa Malaba alikupa masharti mema, lakini hakukwambia kwamba masharti yanatosha, nawe ukaongeza dharau juu yake kama kufuli la pili. Kufuli hilo halikulindi, na nitakueleza kwa nini nasema hivyo.

Nilianza uuguzi mwaka 1991, wakati Silimu, kama tulivyouita UKIMWI, ilikuwa imejaza wodi zetu. Glavu zilikuwa chache, tulizifua na kuzianika, na kwa sababu ya uchache huo tulizivaa kwa kumtazama mgonjwa usoni. Aliyekonda tulivaa. Dereva wa lori tulivaa hata kabla hajaeleza kinachomuuma. Mke wa mwalimu, mnene, mwenye kitambaa safi kichwani, tulimtoa damu kwa mikono mitupu, na tukajiona tumempa heshima. Muuguzi mkuu wetu, mwanamke mkali aliyekuwa haongei sana, alituita siku moja na kutuambia kwamba kuanzia siku hiyo damu ya kila mtu ihesabiwe kuwa ina virusi, iwe ya padri au ya mlevi, na kwamba pasipokuwa na glavu hakuna kumgusa damu mtu yeyote.

Nilidhani sharti hilo litatufanya tuwaogope wagonjwa wote. Likawa kinyume chake. Nilipozoea kuvaa glavu kwa kila mtu, sikuwa tena na haja ya kumchunguza mtu sura ili nijue nimwogope kiasi gani, na kwa mara ya kwanza niliweza kumshika dereva wa lori mkono na kumuuliza anatoka wapi, huku nikitaka kweli kujua. Kinga ilikuwa mkononi, moyo ukapumzika. Kabla ya hapo nilikuwa nimeupa moyo wangu kazi ya glavu, na moyo hauwezi kazi hiyo: unamkinga mtu dhidi ya anayemchukia, na unafunguka mara tu anapokuja anayempenda.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwako. Kwa madereva ulikuwa na kinga mbili, masharti na dharau, na pasipo kujua ulianza kuamini kwamba inayokulinda ni dharau. Alipokuja mteja ambaye hukuwa na sababu ya kumdharau, dharau iliondoka, nayo ikaondoka na masharti yote kwa mkupuo: pesa, namba ya chumba, kinywaji, jina. Simtuhumu mama huyo kwa lolote, na inawezekana kabisa soda aliifungua kwa ukarimu tu. Lakini wewe hukulijua hilo ulipoinywa.

Kijana wa uani mwenu amefanya kosa lilo hilo kutoka upande wa pili, na nakuomba umsomee sehemu hii. Yeye anawaheshimu wateja wake wa kike, na kwa heshima hiyo anaacha kondomu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 na 2017 ulionyesha kwamba hapa Uganda wanawake wenye umri wa kati ya miaka 15 na 64 waliokuwa wakiishi na VVU walikuwa asilimia 7.6, wakati wanaume walikuwa asilimia 4.7. Katika wanawake hao wamo wenye maduka, wenye nyumba za kupangisha na wenye viti vya mbele kanisani, nao si waovu. Wengi waliambukizwa na waume zao. Heshima ya mtu haina neno la kukwambia juu ya damu yake. Mwambie pia kwamba mteja anayepiga simu saa nane za usiku, awe wa kike au wa kiume, ni mteja ambaye hakuambiwa mapema kwamba simu hufungwa saa ngapi. Hapo kijana ameulaumu uanamke kwa jambo ambalo ni la mapatano.

Wateja wa kike na wa kiume hawafanani kabisa, hilo nakubaliana naye. Mwanaume anayekwenda loji hapa mpakani anajua watu watamcheka kidogo na kusahau, lakini mwanamke akijulikana anapoteza ndoa, watoto na jina, kwa hiyo anakuja na hofu kubwa na anataka ahakikishiwe kwamba hakununua tu. Ndiyo maana anauliza kama umekula, na ndiyo maana anataka apendwe. Kuielewa hofu hiyo ni sehemu ya kazi yenu, kama ilivyo sehemu ya kazi ya muuguzi au ya mwanasheria. Nyinyi mnaweza kuielewa bila kuilipia kwa miili yenu.

Sasa nije kwenye swali la kumkubali huyu mama au kumkataa, na hapa nitakuwa wazi kwa sababu nakujali. Sheria ya adhabu ya Uganda inakupa wewe unayeuza kifungo cha hadi miaka 7, na mteja wako wa kiume haimgusi, jambo ambalo mimi naliona ni dhuluma. Ulilionja siku ulipokwenda kushitaki ukageuzwa mshitakiwa. Lakini kwa mteja wa kike kipimo cha hatari kinabadilika kabisa. Sheria ya Kupinga Ushoga ya mwaka 2023 inaadhibu tendo la namna hiyo kwa kifungo cha maisha, na hata kujaribu tu kunaweza kukupeleka gerezani miaka 10. Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu vichache, kikiwamo kile kilichowalazimisha watu kuwaripoti wenzao, lakini adhabu hizo kubwa zilibaki. Kukanda mabega si kosa. Ila chumba cha loji, usiku, pesa, na ujumbe wake uliomo katika simu yako vinamtosha mtu anayetaka kukutisha ili umlipe kila mwezi, awe mhudumu wa loji, jirani, au rafiki yake mama huyo mliyegombana naye. Naye mwenyewe yumo hatarini kama wewe, pengine zaidi, kwa kuwa ana mali ya kunyang'anywa.

Ningekuwa mimi, nisingekwenda mwisho wa mwezi. Sisemi hivyo kwa kumwona mchafu au kukuona wewe mchafu, maana katika barua yako yeye ndiye mtu pekee aliyekutendea kwa upole. Nasema hivyo kwa sababu una mtoto wa miaka 9, na shilingi 150,000 haziwezi kupimwa kwenye mzani mmoja na kifungo cha maisha. Uamuzi ni wako. Lakini ukiamua kwenda, usiende ukiwa umejiambia kwamba kwa mwanamke hakuna hatari. Magonjwa ya zinaa kama malengelenge ya sehemu za siri na virusi vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi hupita pia kati ya mwanamke na mwanamke, na kliniki ya serikali iliyo karibu nawe inaweza kukupima shingo ya kizazi hata kama huumwi. Ikitokea kondomu imepasuka na mteja yeyote, kimbia ukapewe dawa za kuzuia VVU kabla saa 72 hazijapita, uzimeze siku 28 bila kuruka. Zipo pia dawa za kumeza kabla ya hatari, ambazo Uganda ilianza kuzitoa mwaka 2017 kwa watu wenye kazi kama yako. Kama huzijui, ziulize juma hili.

Nirudi kwenye dharau, maana naona ndiyo inayokuuma zaidi. Hukosei kumwona mteja kuwa ni pesa. Mwenye duka naye anakuona pesa unapoingia kununua sukari, na hulalamiki mradi mizani yake iwe sawa. Kosa linaanza pale unapohitaji kumchukia mtu ili uweze kumhudumia, kwa sababu chuki haijui kufunga kazi. Loji unaifunga saa kumi alfajiri, lakini chuki unarudi nayo, inakaa mezani, na kila sauti ya kiume inayoomba kitu inaichokoza, hata ikiwa ni ya mtoto anayeomba viatu.

Aliyekuvunja jino ana jina na sura. Hasira yako juu yake ni haki yako na sikuombi uiache. Nakuomba uielekeze kwake peke yake. Umekuwa ukiwagawia madereva wote hasira ya mtu mmoja, na kwa kufanya hivyo yeye mwenyewe amepata sehemu ndogo tu. Wengine ni watu waliotoka Mombasa siku nyingi zilizopita, wamelala kwenye kiti cha lori, na wanaogopa kusimamishwa na polisi kama unavyoogopa wewe. Hawakudai uwapende. Wape ulichokubaliana nao, kwa muda mliokubaliana, kwa masharti yako yote, na ukishawavalisha glavu hizo, kama ninavyoziita, utaona kwamba unaweza hata kumuuliza mtu majina ya watoto wake bila kuigiza, au usiulize kabisa, na yote mawili yakawa sawa.

Nina jambo jingine la kukuungamia, maana sitaki ufikiri nazungumza kutoka juu. Katika wodi ile ile, baada ya kujifunza glavu, bado niliwaita wagonjwa wa kiume mzee na bwana, na wanawake waliokuja kujifungua niliwafokea wasipige kelele. Nilikuwa nimechoka, na wanawake walikuwa wale nisiowaogopa. Mtu huvitua vya moyoni mwake mahali asipoogopa. Kwako mahali hapo ni kwa mwanao, kwa kuwa yeye ndiye mwanaume pekee asiyeweza kukupiga wala kukulipa. Mwite jioni, kabla hujajitayarisha kwa kazi, umwambie kwamba Jumapili ulisema neno ambalo halikumhusu, na kwamba viatu utanunua siku fulani, ukitaja siku yenyewe. Mtoto wa miaka 9 anaelewa siku.

Kisha tenga mambo yako. Jina la kazi liwe la kazi, na jina ulilopewa na wazazi wako libaki nyumbani, pamoja na jina la shule. Ukirudi alfajiri, oga na ubadilishe nguo kabla hujamgusa mtoto au kupika uji. Si kwa sababu wewe ni najisi, bali kwa sababu mwili unahitaji kuambiwa kwamba zamu imekwisha, kama sisi tulivyovua sare mlangoni. Na ile njaa iliyokufanya urudi nyumbani ukiimba, njaa ya kuulizwa kama umekula, isubiri watu wasiokulipa. Yule dada aliyekupokea bado yupo Malaba? Ninyi mnatumiana namba za vyumba kila usiku, lakini katika barua yote hujaniambia kama huwa mnakula pamoja.

Kuhusu yule mama, mpigie simu mchana, usimwandikie, kwa sababu yanayoandikwa yanabaki katika simu mbili. Mshukuru kwa chakula, mwambie kwamba hutaweza kufika mwisho wa mwezi wala baadaye, usimweleze sababu ndefu, na usimtaje kwa kijana wa uani wala kwa mtu mwingine yeyote tena, kwa usalama wake na wako. Ujumbe wake wote ufute siku hiyo hiyo. Halafu zungumza na mwalimu mkuu wa shule, umweleze kwamba mwanao achukuliwe na wewe au na dada yule tu, maana jina la shule hiyo limekwisha kutajwa mahali ambapo halikupaswa kutajwa.

Shangazi